"Hawakujua"? Mawe Yanasema Walijua

Wiki jana nilibishana na rafiki yangu mpaka chai ikapoa. Tulikuwa tunaangalia klipu ya zamani ya orka, yule mnyama wa baharini mweusi na mweupe, akiruka juu ya bwawa huko Marekani huku umati umejaa jukwaani ukipiga makofi. Mimi nikasema hiyo ni jela yenye muziki. Yeye akacheka, akasema, "Wacha hizo, manze. Watu wa zamani hawakujua. Sai wamejua, wanaacha. Shida iko wapi?"

Nilikosa jibu la haraka. Na kusema ukweli, lile neno "hawakujua" lilinisumbua usiku mzima. Kama ni kweli hawakujua, basi mimi ndiye mwenye makosa, nawahukumu wazee kwa akili ya leo. Kwa hivyo nikaingia kwenye historia, tarehe kwa tarehe, nikitafuta kitu kimoja tu: walijua nini, na walijua lini?

Hii hapa ndiyo stori niliyoipata. Ni ndefu kidogo, lakini kaa nami.

Kabla hajawa staa alikuwa adui

Orka wameitwa nyangumi wauaji kwa miaka mingi, ingawa kwa ukoo hasa ni pomboo, tena pomboo mkubwa kuliko wote. Katikati ya karne iliyopita, wavuvi wa pwani ya magharibi ya Kanada na Marekani walimwona kama mwizi wa samaki wao aina ya samoni. Kumpiga risasi halikuwa jambo la kumwuliza mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Kanada iliweka hadi bunduki ya rasharasha ufukweni, kwenye mlango wa bahari uitwao Seymour Narrows, ili kuwapunguza. Haikuwahi kufyatuliwa, lakini jionee fikra za wakati ule: bunduki ya vita, na adui ni mnyama anayetafuta chakula.

Julai 1964, jumba la samaki la Vancouver, yaani Vancouver Aquarium, lilitaka sanamu ya orka yenye ukubwa wake halisi. Likamtuma mchongaji, Samuel Burich, aende kisiwa cha Saturna akaue mmoja ili apate vipimo. Burich alimlenga orka mchanga, akamdunga chusa. Orka hakufa. Na wenzake hawakukimbia. Walimsogelea, wakamsukuma juu ya maji ili apate kupumua.

Walipoona hafi, watu wakabadilisha mpango. Walimkokota kwa kamba ya chusa kile kile hadi Vancouver, wakamtia kwenye kizimba bandarini, wakamwita Moby Doll wakidhani ni jike. Karibu miezi miwili hakula. Oktoba akafa, na walipompasua ndipo wakagundua kwamba alikuwa dume.

Hapo namkubalia rafiki yangu. Mwaka wa 1964 walijua kidogo sana. Hata jinsia ya mnyama waliyekaa naye karibu miezi mitatu hawakuijua. Lakini kuna mambo mawili ya Moby Doll nataka uyaweke akilini. La kwanza, waliona kwa macho yao wenzake wakimbeba. La pili, alipokuwa kizimbani alikuwa akiita, na sauti zake zikarekodiwa. Hiyo rekodi nitairudia mwishoni.

Halafu doo ikaingia

Juni 1965, orka dume alinaswa kwa bahati mbaya kwenye nyavu za wavuvi karibu na kijiji cha Namu, British Columbia. Jamaa wa Seattle anayeitwa Ted Griffin, mwenye jumba lake la samaki, akamnunua kwa dola 8,000. Akamjengea kizimba cha kuelea, akamvuta baharini hadi Seattle, na maelfu ya watu wakaja kumwona. Griffin alikuwa akiingia majini naye na kumpanda mgongoni kama farasi. Hebu fikiria mshangao: muuaji anabembelezwa! Mwaka uliofuata Hollywood ikamtengenezea filamu. Namu hakupata kuufaidi huo ustaa, kwa sababu Julai 1966 alikufa kwenye maji machafu ya bandari, takriban mwaka mmoja baada ya kuletwa.

Kabla hajafa, Griffin na mwenzake Don Goldsberry walikuwa wametoka kumtafutia mwenzi. Oktoba 1965 walimkamata jike mchanga. Mama yake aliuawa kwa chusa katika uwindaji huo huo. Yule mtoto hakuelewana na Namu, basi akapelekwa San Diego kwenye kampuni iliyokuwa imefungua milango mwaka mmoja tu kabla: SeaWorld. Jina lake lilikuwa Shamu.

Shamu alikufa 1971, lakini jina lake halikuzikwa. Orka waliomfuata walipandishwa jukwaani kwa jina hilo hilo, mmoja baada ya mwingine, ili mtoto aliyemwona Shamu akirudi miaka kumi baadaye na watoto wake amkute Shamu yupo tu. Hapa ndipo nilipoanza kushuku lile neno "hawakujua". Ukimpa marehemu mrithi wa jina ili mteja asigundue kuna kifo, basi unajua kwamba kifo kitaharibu biashara.

Lakini lazima nikubali ukweli mmoja mgumu. Namu na Shamu ndio waliobadilisha macho ya watu. Kabla yao, orka alikuwa wa kupigwa risasi. Baada yao, watoto walilala na vidoli vyake. Huruma ya leo kwa sehemu ilizaliwa pale pale bwawani. Nitalirudia hili, maana ndiyo hoja bora ya upande wa pili na haifai kurukwa.

Mtu wa kwanza kusema

Mwaka wa 1967, Vancouver Aquarium ilimwajiri mwanasayansi kijana, Paul Spong, amchunguze orka jike anayeitwa Skana. Spong alimwekea mtihani wa macho: achague mstari mmoja au miwili, akipata apewe samaki. Skana akawa anapata karibu kila mara. Halafu siku moja akageuka, akaanza kukosa. Si kukosa kwa kubahatisha, alikosa mfululizo. Mnyama asiyejua jibu anapata nusu na kukosa nusu. Kukosa mara zote unahitaji kulijua jibu, kisha ukalikataa.

Kuna kisa kingine Spong mwenyewe alikisimulia. Alikuwa ameketi ukingoni, miguu ndani ya maji. Skana akaja, akapitisha meno yake juu ya nyayo zake. Spong akaitoa miguu mbio. Akairudisha, Skana akafanya tena. Ikawa hivyo mara nyingi, mpaka Spong akaweza kuiacha miguu pale bila kushtuka. Hapo Skana naye akaacha. Spong akajiuliza: kati yetu, nani anamfanyia nani majaribio?

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960 alisema hadharani kwamba orka ni mnyama mwenye akili nyingi na wa kijamii, na kwamba Skana angefaa kuachiliwa. Unajua walimfanyia nini? Kazi ikaisha. Akaenda kuwasikiliza orka wakiwa huru, kwenye kisiwa cha Hanson, akaanzisha kituo kinachoitwa OrcaLab. Skana alibaki bwawani hadi alipokufa mwaka wa 1980.

Kwa hivyo kufikia 1969 ujuzi ulikuwepo. Mtu waliyemwajiri wenyewe aliuleta mezani, wakamwonyesha mlango.

Mawe ya Penn Cove

Sasa tufike Agosti 1970. Kama utasahau kila kitu kwenye hii stori, usisahau hapa.

Griffin na Goldsberry walikuwa wamejua namna ya kuwakamata orka kwa wingi. Walitumia mashua, ndege, na vilipuzi vya kurushwa majini kuwatisha. Waliwafukuza hadi Penn Cove, ghuba ndogo ya kisiwa cha Whidbey katika jimbo la Washington. Zaidi ya orka 80 walisukumwa humo. Watu waliokuwepo wanasimulia kwamba orka walijaribu akili: kundi moja la wakubwa likaelekea upande mmoja ili lifuatwe na mashua, huku mama na watoto wakipita upande mwingine chini ya maji. Lakini orka lazima aibuke apumue, na juu kulikuwa na ndege. Wakaonekana.

Biashara ilitaka watoto. Mtoto ni mwepesi kusafirisha, na ataishi miaka mingi akikuletea pesa. Basi wakawatenga watoto na mama zao kwa nyavu. Saba wakachukuliwa. Wale wakubwa wangeweza kuondoka, lakini walibaki karibu na nyavu wakiita. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Katika vurugu hizo, orka watano walinaswa na nyavu wakafa maji, wengi wao wakiwa watoto. Hapa ndipo penyewe. John Crowe, mpiga mbizi aliyekuwa kwenye ile timu, alieleza miaka mingi baadaye, akilia mbele ya kamera, kwamba waliambiwa wawapasue wale waliokufa matumbo, wawajaze mawe, wawafunge nanga na kuwazamisha. Lengo lilikuwa dunia isijue. Novemba mwaka huo, bahari ikawatapika, na watu wakaona mawe.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Jibu la rafiki yangu nilikuwa nimelipata.

Mtu asiyejua hafichi. Ukiamini kwamba huyu ni samaki tu, ukimwona amekufa kwenye wavu unamtupa mbele ya watu wote na unaenda kula chakula cha mchana. Humpasui tumbo usiku ukamjaza mawe. Kujaza mawe ni kazi ya mtu anayejua kwamba akionekana ataulizwa, na kwamba hana jibu. Wale watu hawakuwa na utafiti wa leo kuhusu ubongo wa orka, lakini la maana walilijua.

Watoto saba walitawanywa. Mmoja, jike wa takriban miaka minne, alipelekwa Miami, upande wa pili wa bara, kwenye maji ambayo hakuwahi kuyaonja. Daktari wa wanyama wa pale alimpa jina Tokitae. Jukwaani akaitwa Lolita.

Bedsita ya miaka 50

Bwawa la Tokitae lilikuwa na urefu wa takriban mita 24, na mahali penye kina zaidi palikuwa na mita 6 hivi. Yeye mwenyewe akiwa mkubwa alikuwa na urefu wa karibu mita 6. Yaani akisimama wima, mkia chini kichwa juu, ndiyo basi. Orka wa baharini anaweza kuogelea zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Chukua mtu aliyezoea kutembea kutoka Nairobi, umfungie kwenye bedsita ya Roysambu asitoke hata kwenda dukani, na mara mbili kwa siku watu walipe kuja kumwona akiruka kitandani.

Mwanzoni alikuwa na mwenzake dume, Hugo, aliyekamatwa kwenye bahari ile ile. Hugo alijulikana kwa kugonga kichwa kwenye kuta za bwawa. Alikufa mwaka wa 1980. Tangu hapo Tokitae hakumwona orka mwingine tena, zaidi ya miaka 40. Alikuwa na pomboo wadogo wa jamii nyingine, lakini wa kumjibu kwa lugha yake hakuwepo.

Na lugha simaanishi kwa mafumbo. Tangu miaka ya 1970 watafiti kama John Ford wa Kanada walionyesha kwamba kila ukoo wa orka wa pwani ile una milio yake, lahaja kabisa, ambayo watoto hujifunza kwa mama. Ni kama vile mtu wa Lamu akifungua mdomo tu unajua katoka Lamu. Na katika jamii ya Tokitae, watoto hawaondoki nyumbani. Mtoto wa kike kwa wa kiume hukaa karibu na mama hadi mmoja wao afe. Kumtoa huko si sawa na kumtoa kuku bandani. Unamtoa kwenye kabila.

Watu wa taifa la Lummi, wenyeji asilia wa pwani ile, walilijua hili kabla ya mtafiti yeyote. Kwao orka ni jamaa wanaoishi chini ya mawimbi. Walimpa Tokitae jina la kwao, wakadai arudishwe. Machi 2023 mpango wa kumrudisha ukatangazwa. Agosti 18 mwaka huo huo, kabla hajarudi, akafa. Alikuwa na takriban miaka 57. Walummi waliyachukua majivu yake, wakayarudisha kwenye bahari alikozaliwa.

Majuto ni mjukuu, lakini huyu mjukuu alichelewa miaka 53.

Sheria inafunga mlango, biashara inatafuta dirisha

Unaweza kuuliza: baada ya Penn Cove, si dunia iliamka? Iliamka kidogo kidogo. Mwaka wa 1971, mwanabiolojia wa Kanada, Michael Bigg, aliandaa hesabu kwa kuwatumia fomu walinzi wa minara ya taa, wavuvi na watu wa mashua ili siku moja wahesabu orka wote wanaowaona. Watu waliamini wako maelfu. Matokeo yakaonyesha kwamba wako mia chache tu. Ndipo ikaeleweka kwamba watoto waliokuwa wanauzwa walikuwa karibu kizazi kizima.

Machi 1976, Ralph Munro, msaidizi wa gavana wa Washington, alikuwa kwenye matembezi ya mashua katika ghuba ya Budd Inlet, akajionea uwindaji mwingine kwa macho yake. Jimbo likaenda kortini. SeaWorld ikakubali orka waachiliwe na kwamba haitakamata tena orka kwenye maji ya Washington.

Ushindi? Ndiyo, lakini wa upande mmoja. Wawindaji walihamia Iceland. Kule ndiko alikotoka Keiko mwaka wa 1979, na Tilikum mwaka wa 1983 akiwa na takriban miaka miwili. Maji mapya, mama wapya, kazi ile ile.

Tilikum alipelekwa Kanada, kwenye kituo ambacho usiku kilimfungia pamoja na majike wawili kwenye chumba kidogo chenye giza. Februari 1991, mkufunzi Keltie Byrne aliteleza akaanguka bwawani, na orka hao wakamwua. Kituo kikafungwa, na Tilikum akauzwa SeaWorld ya Orlando. Mwaka wa 1999 mtu aliyeingia usiku alikutwa amekufa kwenye bwawa lake. Februari 24, 2010, alimwua Dawn Brancheau, mmoja wa wakufunzi wenye uzoefu zaidi. Na orka wa baharini? Hakuna rekodi ya hata mmoja kumwua binadamu.

Serikali ya Marekani ikaishtaki kampuni kwa kuhatarisha wafanyakazi, na mwaka wa 2014 mahakama ya rufaa ikasimama na serikali. Kilichonishika kwenye ile kesi ni kwamba kampuni yenyewe ilikuwa na mafaili ya miaka mingi ya visa vya orka kuwauma, kuwagonga na kuwavuta wakufunzi. Yameandikwa, yana tarehe. Mawe mengine hayo, ila haya yalikuwa ya karatasi.

Mwaka wa 2013 ikatoka filamu ya *Blackfish*, na tiketi zikaanza kukosa wanunuzi. Machi 2016 SeaWorld ikatangaza kwamba haitawazalisha tena orka. Kanada ikapitisha sheria mwaka wa 2019, Ufaransa mwaka wa 2021. Angalia mpangilio: Spong alisema mwishoni mwa miaka ya 1960, mawe yakaonekana 1970, Byrne akafa 1991. Mabadiliko yalikuja pale watu walipoacha kununua tiketi. Kilichobadilika si ujuzi wao. Hesabu ya pesa ndiyo iliyobadilika.

Sasa hoja ya upande wa pili

Nilisema nitairudia. Watetezi wa mabwawa wanasema: bila Namu na Shamu, orka wangeendelea kupigwa risasi. Ni kweli kwa kiasi, na nawaheshimu wakufunzi waliowapenda wanyama wao. Wengine walikufa wakiwapenda. Lakini hoja hiyo inaweza kumtetea Namu wa 1965. Haiwezi kumtetea Tokitae wa 1990. Kama bwawa lilikuwa shule ya kutufundisha kwamba huyu mnyama ana ukoo na lugha, basi somo tulilipata zamani. Ukishafaulu mtihani, mbona uendelee kumfungia mwalimu darasani?

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: waliozaliwa bwawani utawapeleka wapi? Huwezi kumtupa tu baharini mnyama asiyejua kuwinda. Keiko, yule wa filamu ya *Free Willy*, alitolewa Mexico, akauguzwa Oregon, akarudishwa Iceland mwaka wa 1998, na 2002 akaogelea mwenyewe hadi Norway. Lakini aliendelea kuwatafuta watu, hakuungana na ukoo wowote, na Desemba 2003 akafa kwa nimonia. Wengine wanasema huo ni ushahidi kwamba kuwaachilia ni ndoto. Mimi nasoma tofauti. Keiko anaonyesha kwamba kuna vitu ukivunja huwezi kuvirudisha hata ukiwa na nia njema na mamilioni ya dola. Hiyo ni sababu ya kutovunja tena.

Deni bado linasoma. Hifadhi ya Antibes huko Ufaransa ilifungwa Januari 2025. Orka wawili, Wikie na mwanawe Keijo, wote wazaliwa wa bwawa lile, wakabaki ndani huku watu wakibishana wapelekwe wapi. Shoo imeisha, mashabiki wameenda nyumbani, na wasanii hawana pa kulala. Ninachoamini ni hiki: waliofaidika wawalipie matunzo mpaka mwisho, ikiwezekana kwenye ghuba ya bahari iliyozungushiwa wavu, na asizaliwe mwingine wa kurithi hiyo jela.

Na ile bahari walikotolewa? Jamii ya Tokitae, wale wa kusini mwa pwani ile, walipoteza zaidi ya 40 katika miaka ya ukamataji. Mwaka wa 1976 walikuwa wamebaki 70 hivi. Miaka 50 baadaye, bado ni 70 na kitu. Samoni wamepungua, maji yana sumu, meli zina kelele. Si mabwawa peke yake. Lakini waliochukuliwa ndio wangekuwa mama na bibi wa leo. Mwaka wa 2018, mmoja wa ukoo huo, Tahlequah, alimbeba mtoto wake aliyekufa kwa siku 17, zaidi ya kilomita 1,600, asikubali azame. Ndio watu wale wale ambao wazee wao walibeba Moby Doll apumue.

Inatuhusu nini sisi?

Kenya hatujawahi kuwa na bwawa la orka. Lakini wengi wetu tunaenda Ghuba kufanya kazi au kutembea, na SeaWorld ilifungua mlango Abu Dhabi mwaka wa 2023. Orka hawamo, hilo walijifunza. Pomboo wamo. Ukipewa tiketi ya bure, utajiuliza au utasema hukujua?

Na hapa nyumbani, ukishuka Shimoni ukapanda mashua kuelekea Kisite-Mpunguti, pomboo unaweza kuwaona bila ukuta wowote. Wakitaka wanakuja, wasipotaka unarudi na picha ya mawimbi. Hiyo ndiyo bei ya haki ya kumwona kiumbe huru: kukubali kwamba leo anaweza kukataa. Ukiona mashua tano zinamfukuza pomboo mmoja na mtoto wake ili mtu apate klipu, mwambie nahodha apunguze. Wavu wa Penn Cove ulianza na mashua zinazofukuza.

Namalizia na ile rekodi. Sauti za Moby Doll zilihifadhiwa. Miaka ilipita, sayansi ya lahaja ikakua, na watafiti wakazisikiliza upya. Wakamtambua: alikuwa akiongea lahaja ya ukoo unaoitwa J, ukoo ambao bado unaogelea pale nje ya Saturna. Karibu miezi mitatu alikuwa akiita kwa lugha ya nyumbani, na watu wakasimama ukingoni na mashine, wakarekodi, wakaandika tarehe, wakaenda kulala.

Rafiki yangu alinipigia jana. Nikamweleza habari ya mawe. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Sasa sisi, kitu gani tunafanya sai ambacho watoto wetu watakuja kusema hatukujua?"

Sikuwa na jibu. Lakini hilo ndilo swali, na hatuwezi kusema hatukuulizwa.